Mfuko wa Tumboni: Kuubadilisha, Kulinda Ngozi na Kuishi Nao Nyumbani, Unguja na Pemba

Kila mtu anayetoka wodini na mfuko tumboni, wa kupokea choo kinachotoka kwenye tundu alilopasuliwa, huuliza maswali yale yale. Mbona panatoka damu nikipafuta? Nitaoga vipi? Sala yangu itaswihi? Kwa nini mfuko umebanduka siku ya pili tu? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, kwa ajili yako wewe mwenye mfuko na yule anayekuuguza, mkiwa nyumbani kwenye ndoo na kopo, na duka lenye mifuko liko mbali. Kama daktari aliyekupasua amekuagiza jambo tofauti, fuata agizo lake, maana yeye ndiye anayejua alichokifanya ndani.

Kwanza ujue yako ni aina gani

Stoma ni kipande cha utumbo kilichotolewa juu ya ngozi ya tumbo. Ukitoka kwenye utumbo mpana ni kolostomia: choo huwa kizito, karibu na cha kawaida, na hutoka mara chache kwa siku. Ukitoka kwenye utumbo mwembamba ni ileostomia: choo ni majimaji au kama uji, hutoka mchana na usiku, na kina vimeng'enya vinavyounguza ngozi ndani ya saa chache. Kama hujui yako ni ipi, muombe daktari akuandikie kwenye kadi yako kabla hujaruhusiwa. Chakula, maji na funga, vyote vinategemea jibu hilo. (Wenye stoma ya mkojo wana mfuko wenye bomba chini. Hatua za kubandika ni hizi hizi, lakini ya chakula si yao.)

Stoma nzima ni nyekundu na ina unyevu, kama ndani ya shavu lako. Haina hisia ya maumivu, kwa hiyo inaweza kukatwa na ukingo wa kibandiko usitambue. Tone la damu ukiifuta ni kawaida, kwani juu yake pana vijishipa vingi laini. Baada ya operesheni huwa imevimba, na hupungua kidogo kidogo kwa wiki 6 hadi 8.

Bado unatokwa na ute mweupe kwa njia ya kawaida, ukahisi kama haja? Utumbo uliobaki chini unaendelea kutengeneza ute hata kama choo hakipiti. Kaa chooni, uutoe taratibu, usijikamue. Ukiwa na usaha, damu au harufu kali, mwambie daktari.

Vitu vya kutayarisha

- Mfuko na kibandiko chake, yaani ile sehemu inayoganda kwenye ngozi. Iko ya kipande kimoja, mfuko na kibandiko vimeungana, na ya vipande viwili, mfuko unabanwa kwenye pete ya kibandiko.
- Kipimo cha karatasi ngumu chenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Kama huna, karatasi ya boksi la dawa inatosha.
- Mkasi mdogo, usiotumika kwa kazi nyengine, na kalamu.
- Maji safi ya vuguvugu kwenye kopo.
- Vipande vinne au vitano vya kanga kuukuu iliyofuliwa vizuri, kila kimoja kama kiganja. Pamba ya kuchambua haifai, nyuzi zake hubaki kwenye ngozi na gundi haishiki.
- Kioo kidogo, ili uone upande wa chini wa stoma.
- Gazeti na mfuko wa taka.
- Poda ya stoma, kama umepewa.

Spiriti, Dettol, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, losheni na poda ya mtoto visikaribie hapo. Spiriti na Dettol huchoma ngozi, na vilivyobaki huizuia gundi isishike.

Gundi ya kibandiko inaharibika kwa joto. Chumba kilicho chini ya bati wakati wa kaskazi hufika joto la kuilainisha, na kibandiko kilichoharibika hivyo hakikai hata siku moja. Weka boksi chini, mahali penye kivuli na hewa, visilaliane vitu vizito juu yake. Usiviache ndani ya gari.

Na hesabu akiba yako. Ukibadilisha kila siku 3 au 4, utatumia vibandiko 8 hadi 10 kwa mwezi. Mwenye ileostomia, wakati wa joto, anaweza kufika 15. Akiba isipungue ya wiki mbili, na walioko Pemba wangeweka ya mwezi mzima, maana bahari ikichafuka boti haziendi na mzigo wako unabaki Unguja.

Kumwaga mfuko

Mwaga ukijaa theluthi moja, ukichelewa sana nusu. Mfuko mzito huvuta kibandiko na kukibandua.

1. Mwagia maji kidogo chooni kwanza, choo kisirukie juu.
2. Kaa kwenye kigoda karibu na shimo, mfuko uning'inie katikati ya miguu.
3. Inua mdomo wa mfuko juu kabla ya kuufungua. Ufungue, kisha uuteremshe, na ukamue kwa vidole kutoka juu kwenda chini.
4. Futa mdomo ndani na nje, kiasi cha sentimita 2 au 3. Harufu ambayo watu hudhani inatoka tumboni, mara nyingi inatoka hapa.
5. Kunja na ufunge.

Usimwagie kopo la maji ndani ya mfuko ili ung'are. Maji yakifika juu yanaingia chini ya gundi. Mfuko hauna haja ya kung'aa, una haja ya kushika.

Kubadilisha kibandiko, hatua kwa hatua

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla hujanywa chai, kwani utumbo umetulia. Mwenye ileostomia akibadilisha baada ya kula atakuwa anafuta tu, hamalizi.

1. Tayarisha kipya kabla ya kutoa cha zamani. Panga kila kitu mahali mkono unapofika.

2. Pima na ukate. Tundu la kibandiko liwe kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 hadi 3 pande zote, si zaidi. Stoma isiyo duara, ichore umbo lake kwenye karatasi ya boksi, ukate, uijaribishe, kisha uitumie kama ruwaza. Pitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa ili ulainike. Wiki 8 za mwanzo pima upya kila wiki. Tundu lililokufaa wodini litakuwa kubwa mno ukishakaa nyumbani mwezi mmoja, na hilo ndilo kosa linalounguza ngozi za watu wengi kuliko yote.

3. Mwaga mfuko, kisha ubandue. Anza juu kwenda chini. Mkono mmoja unakandamiza ngozi kwa kitambaa kibichi, wa pili unavuta kibandiko taratibu. Usikinyofoe.

4. Kigeuze ukitazame. Usikitupe kabla ya hapo. Gundi iliyovimba na kuwa nyeupe, kama upana wa nusu sentimita kuzunguka tundu, inaonesha umebadilisha kwa wakati wake. Ukiona njia ya choo imekwenda upande mmoja, tuseme kushoto, tazama ngozi yako pale upande huo wa kibandiko ulipokuwa umeganda: utakuta kunjo, kovu au shimo dogo, na ndipo panapovuja. Gundi ikiwa imeliwa mpaka karibu na ukingo wa nje, umechelewa. Punguza siku moja. Hapa ndipo mtu anapojua tatizo lake bila ya kukisia, na ni bure.

5. Osha ngozi kwa maji matupu. Funika stoma kwa kipande cha kanga ili isikuchafulie kazi, kisha safisha pembezoni. Ukilazimika kutumia sabuni, iwe ya kipande isiyo na manukato wala mafuta, na uisuuze yote. Mabaki madogo ya gundi yaache. Ukiyasugua utachubua ngozi.

6. Kausha kweli kweli. Gusagusa kwa kitambaa kikavu, kisha kaa mbele ya feni au upepewe kwa dakika 3. Kwa hali ya hewa ya visiwani, jasho hurudi ndani ya dakika moja. Gusa kwa mgongo wa kidole: ukihisi unyevunyevu, endelea kupepea.

7. Nywele zikiwepo, zipunguze kwa mkasi au wembe safi, ukielekea nje, mbali na stoma. Kila wiki mbili inatosha.

8. Poda, pale palipochubuka tu. Nyunyiza kidogo, ishike kwenye ubichi, halafu pukuta yote iliyobaki. Poda nyingi ni sawa na vumbi, gundi haishiki juu yake.

9. Pasha joto kibandiko na ubandike. Kiweke kwapani au baina ya viganja kwa dakika moja au mbili, gundi ilainike. Simama, au lala chali, tumbo linyooke. Ukibandika umekaa, ngozi inakunjika. Ondoa karatasi ya nyuma, anzia chini ya stoma, upandishe juu. Bonyeza kwanza karibu kabisa na stoma, ndipo uende nje. Halafu funika kwa kiganja kwa dakika 2, joto la mkono likamilishe kazi. Robo saa ya mwanzo usiiname.

10. Hakikisha mdomo wa chini umefungwa. Wengi husahau, na wanajua wakishasimama. Kwa mfuko wa vipande viwili, bonyeza pete pande zote kisha uuvute kidogo kuona umeshika.

11. Taka. Mfuko uliokwisha kumwagwa ufunge ndani ya gazeti na mfuko wa taka, uutupe kwenye jaa linalochukuliwa. Usiuache pahala pa kuku na mbwa, wala usiutumbukize chooni, utaziba. Ukilazimika kufukia, fukia mbali na kisima, hasa kwenye ardhi ya mawe ya upande wa mashariki, ambako maji hupenya chini upesi.

Kibandiko kikianza kuvuja, kibadilishe. Usipachike plasta juu wala gundi ya dukani. Choo kilichofungiwa chini ya plasta kinaendelea kuila ngozi, na wewe huoni.

Chakula na maji

Wiki 6 za mwanzo kula laini na kidogo kidogo: wali, uji, mbatata za kuponda, ndizi, samaki asiye na miba, mchuzi usio na pilipili nyingi. Baadaye rudisha vyakula kimoja kimoja, kila siku chache, ili ukipata tabu ujue kimesababishwa na kipi.

Mwenye kolostomia atarudi karibu na mlo wake wa zamani, na anahitaji mboga na maji ili asifunge choo. Mwenye ileostomia ana hatari ya kuzibwa, kwani tundu ni jembamba. Vya kuogopa hapa kwetu ni pweza na ngisi, nazi ya kutafuna na machicha yake, mahindi ya kuchoma, korosho, njugu, embe za nyuzi, na maganda ya balungi na machungwa. Tui lililochujwa halina tabu. Pweza, kama huwezi kumuacha, apikwe mpaka alainike, akatwe vipande kama punje za maharage, na atafunwe mpaka asiwe na kitu mdomoni.

Gesi huletwa na maharage, choroko, kabeji, soda, na kula huku unazungumza. Harufu huongezwa na vitunguu, mayai na dagaa. Vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, si damu.

Sasa maji, na hili mwenye ileostomia alisome mara mbili. Kiasi cha kawaida kinachotoka ni nusu lita hadi kama mililita 800 kwa siku. Kikifika lita moja na nusu, mwili unakauka. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua chupa ya maji ya lita 1.5, kukata shingo, na kumwagia humo kwa siku nzima. Chupa ikijaa kabla ya siku kwisha, hali si nzuri. Ukiona hivyo usijaze tumbo maji matupu, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yanaivuta chumvi ya mwili na kutoka nayo. Kunywa maji ya ORS, yaani ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti ikorogwe kama ilivyoandikwa. Ukiikosa: maji yaliyochemshwa na kupoa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi. Dafu watu hulisifu, na ni zuri, lakini chumvi yake ni ndogo. Haliwezi kuchukua nafasi ya ORS.

Wenye ileostomia wasinywe dawa ya kuendesha hata siku moja. Ukinunua dawa, mwambie muuzaji una mfuko: vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole vinaweza kutoka vizima mfukoni bila ya kukufaa kitu.

Kuoga, sala na funga

Oga na mfuko wako, au uutoe siku ya kubadilisha. Maji hayaingii ndani ya stoma. Baharini pia unaweza kuingia kidonda kikishapona. Mwaga kwanza, na ukitoka kausha mfuko kwa kitambaa, unyevu wa nyuma yake huleta upele. Mfuko wenye tundu dogo la kutoa hewa, lizibe kwa kistika chake kabla ya maji.

Kuhusu udhu: katika madhehebu ya Shafi, yaliyo ya wengi hapa visiwani, mtu anayetokwa na kitu asichoweza kukizuia ni mwenye udhuru. Hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kila faradhi kwa udhu wake, na husali hata kama kinaendelea kutoka. Mwaga mfuko kabla ya kutia udhu. Yale ya ndani zaidi muulize sheikh wako, na umueleze hali yako bila ya kuficha. Wapo watu wameacha kusali msikitini miaka kwa jambo ambalo lina jibu.

Funga ni suala jengine. Mwenye ileostomia anapoteza maji na chumvi mchana kutwa, kiasi cha saa 13, bila ya kurudisha. Asifunge mpaka daktari amruhusu. Mwenye kolostomia aliyepona vizuri mara nyingi huweza, naye aulize kwanza.

Kazi na nguo

Kwa wiki 6 hadi 8, usinyanyue kitu kizito kuliko dumu la maji la lita 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hiyo inatosha kusukuma utumbo utokeze pembeni ya stoma, yaani ngiri. Kupanda mkarafuu, kuvuta nyavu na kubeba magunia ya mwani mabichi ni kazi za kurejea baada ya ruhusa, ukiwa umefunga mshipi mpana wa tumbo wenye nafasi ya mfuko. Fundo la kikoi au kanga lisikae juu ya stoma. Lipande juu au lishuke chini yake. Usiku na mume au mke, mwaga kwanza, ukunje mfuko, ujifunge kanga nyepesi kiunoni.

Mifuko ikikuishia

Mwenye kolostomia ana nafuu: paka ngozi mafuta ya zinki au ya mgando, weka nguo safi iliyokunjwa au nepi, funga kwa kanga bila ya kubana, na ubadilishe kila inapochafuka. (Mafuta hapa yanafaa kwa kuwa hubandiki kitu, siku ukipata mifuko, yaoshe yote kwanza.) Mwenye ileostomia afanye hivyo hivyo kwa saa chache tu, huku anatafuta mfuko. Mfuko wa nailoni uliobanwa kwa mpira au kamba kuzunguka stoma unakata damu. Usifanye.

Likitokea tatizo

*Kinavuja kila mara upande mmoja.* Pana kunjo au shimo. Lijaze kwa pasta ya stoma au pete ya gundi kabla ya kubandika. Kama stoma imezama chini ya ngozi, unahitaji kibandiko kilichobinuka, muulize nesi.

*Ngozi nyekundu, inachoma, kuizunguka stoma.* Tundu kubwa. Pima upya.

*Vipele vidogo vyekundu, vinawasha, vinaenea nje.* Huenda ni fangasi ya jasho. Inatibiwa kwa poda ya fangasi, krimu huzuia gundi.

*Wekundu wenye umbo kamili la kibandiko.* Ngozi inaikataa gundi hiyo. Omba aina nyengine.

*Mfuko umevimba kama puto.* Gesi. Fungua mdomo uitoe, usitoboe kwa sindano.

*Choo kinarundikana juu, hakishuki.* Kabla ya kubandika, tia matone machache ya mafuta ndani ya mfuko, si kwenye ngozi, na uache hewa kidogo ndani.

*Ileostomia haijatoa kitu saa 4 hadi 6 na tumbo linasokota.* Acha chakula kigumu, kunywa kidogo kidogo, oga maji ya moto ya kiasi, kanda tumbo pembeni mwa stoma, legeza kibandiko kama stoma imevimba. Isipofunguka, au ukianza kutapika, usisubiri asubuhi.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona lolote katika haya: stoma imekuwa zambarau iliyoiva au nyeusi, damu inachuruzika kutoka ndani na haisimami ukikandamiza kwa dakika 10, utumbo umetoka nje mrefu kuliko kawaida na haurudi ukilala (ufunike kwa kitambaa safi kibichi), kolostomia haijatoa kitu siku 2 au 3 na tumbo linauma, choo cha maji mengi pamoja na kizunguzungu, mkojo mchache wa rangi ya chai, au homa na tumbo gumu. Unguja ni Mnazi Mmoja, na Pemba ni Abdulla Mzee, Mkoani, au hospitali iliyo karibu nawe ikupe rufaa. Chukua kadi ya operesheni, orodha ya dawa zako, na vibandiko viwili vya saizi yako pamoja na mifuko yake, kwa sababu wodini huenda vya saizi hiyo visiwepo.